Mali bila daftari: funzo la Mngeta kwa wafanyabiashara wa Lupiro

Lupiro, njia panda ya barabara za kwenda Mahenge na Malinyi, ni mji unaoishi kwa mpunga. Mavuno yanapoanza, malori yanavuka Daraja la Magufuli kutoka upande wa Ifakara, mashine za kukoboa zinanguruma mchana kutwa, na sehemu kubwa ya biashara inakwenda kwa mali kauli: gunia linatoka leo, fedha inafuata baadaye. Mkulima anamkopesha mchuuzi, mchuuzi anamkopesha mwenye mashine, naye mwenye mashine anamkopesha mnunuzi wa Dar es Salaam. Utaratibu huu umedumu kwa sababu watu wanajuana. Hatari inaanza pale mdaiwa anapokuwa si jirani, bali kampuni.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mto, Mngeta. Shamba la huko, lenye zaidi ya hekta 5,800, lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, kisha likaachwa. Baadaye likachukuliwa na Kilombero Plantations Limited (KPL), ubia wa kampuni ya Agrica ya Uingereza na RUBADA, shirika la umma la bonde la Rufiji ambalo baadaye lilivunjwa. Miongoni mwa walioweka fedha walikuwamo Norfund, mfuko wa serikali ya Norway, na Capricorn ya Marekani. Mpango wa SAGCOT ulipoanza kunadiwa mwaka 2010, Mngeta likawa shamba la kuonyeshwa wageni. Maelfu ya wakulima wadogo walifundishwa kilimo shadidi, na pumba za mpunga zilitumika kuzalisha umeme.

Sifa hizo hazikuwa za uongo. Lakini hazikuwa mizania. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele kutoka nje uingie bila ushuru, bei ikaporomoka, na kampuni iliyokuwa na mikopo ya fedha za kigeni ikabaki na mavuno yanayouzwa kwa shilingi kwenye soko lililofurika. Mwaka 2015 taasisi ya Oakland ya Marekani ilitoa ripoti ikilaumu jinsi watu walivyohamishwa na jinsi mikopo ya pembejeo ilivyowaelemea wakulima. Upande wa kampuni ukakanusha. Mwaka 2019 KPL ilishindwa kulipa mikopo yake, na mali zake zikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa kwa ajili ya wakopeshaji.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapopaswa kutega sikio. Kampuni inapoanguka, wadai hawasimami mstari mmoja. Mwenye dhamana iliyosajiliwa juu ya majengo, mitambo au mazao anatangulia. Mishahara na kodi nazo zina nafasi yake iliyowekwa na sheria. Aliyeuza magunia, mafuta ya dizeli au vipuri kwa mali kauli anasimama nyuma kabisa, na mara nyingi sufuria inamfikia ikiwa tupu. Tofauti ni kwamba benki iliona hesabu kabla ya kukopesha. Yeye aliona magari mapya na kibao cha barabarani.

Watetezi wa makampuni husema kuwa hesabu ni siri ya biashara, na kwamba kuzitangaza ni kumpa mshindani silaha. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango mwaka 1998, makampuni yaliyoorodheshwa yamekuwa yakitangaza hesabu zao hadharani, nayo yana washindani kama wengine. Mwenye hisa 100 za CRDB au NMB aliyeko Lupiro anaweza kusoma faida na madeni ya benki hizo bila kumwomba mtu ruhusa. Inashangaza basi kwamba anaijua benki iliyoko mbali kuliko kampuni inayolima ardhi ya bonde lake.

Aidha, neno "uendelevu" limekuwa likitumika kwa maana ya picha za miche na watoto wa shule. Bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, ISSB, ilipotoa viwango vyake vya kwanza Juni 2023, ilisema jambo jingine: kampuni ieleze hatari zinazoweza kugusa mapato yake na uwezo wake wa kupata mikopo. Kwa Kilombero hatari hizo ni mafuriko, ugomvi wa ardhi, na uamuzi wa ushuru unaoweza kubadilika ndani ya msimu mmoja. Ripoti inayotaja miti iliyopandwa na kunyamazia deni la dola haijamsaidia msomaji.

Nini kifanyike? Kwanza, palipo na hisa za umma, kama zile asilimia 25 za serikali katika Kampuni ya Sukari ya Kilombero, mwenye hisa huyo adai muhtasari wa hesabu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ubandikwe katika ofisi za vijiji vinavyouza mazao kwa kampuni. Pili, sharti hilo liwekwe kwa kila mwekezaji anayepewa maelfu ya hekta, hata kama hayuko sokoni.

Tatu, wafanyabiashara wenyewe wasisubiri. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi kuwasilisha hesabu kwa Msajili, na dhamana zinazowekwa juu ya mali ya kampuni husajiliwa BRELA, ambako mtu anaweza kuzitafuta kwa ada. Wachuuzi kumi wa Lupiro wakichangia ada hiyo, gharama ni ndogo kuliko gunia moja lisilolipwa. Kampuni inayokataa kuonyesha hesabu zilizokaguliwa ilipe taslimu mzigo unapopakiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimsema mwenye mali. Leo onyo hilo linamhusu pia anayemkopesha.