Sinema za William Alland na Kazi ya Mwalimu wa Sayansi

Wako walimu wanaoziona sinema za kubuni za kisayansi kuwa ni adui wa somo lao. Husema kwamba mwanafunzi akishamwona buibui mwenye kimo cha nyumba akivuka jangwa, kichwa chake hujaa uongo ambao darasa haliwezi kuufuta. Hofu hiyo si ya bure. Lakini dawa yake si kuzipiga marufuku. Maisha ya William Alland, mwigizaji wa Kimarekani aliyegeuka kuwa mtayarishaji wa sinema za namna hiyo, yanaonyesha njia iliyo bora zaidi.

Alland alizaliwa mwaka 1916 katika jimbo la Delaware. Katika ujana wake alijiunga na kundi la Mercury Theatre, lililoongozwa na Orson Welles. Tarehe 30 Oktoba 1938 kundi hilo lilitangaza redioni mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells juu ya mashambulizi ya wakazi wa Mirihi, na Alland alikuwa miongoni mwa waigizaji. Mchezo ulipangwa kwa mtindo wa taarifa ya habari, na baadhi ya wasikilizaji wakaudhania kuwa ni kweli, wakataharuki. Mwaka 1941, katika sinema ya Citizen Kane, Alland aliigiza mwandishi wa habari aendaye kwa huyu na yule akiuliza maana ya neno la mwisho la tajiri aliyefariki. Uso wake hauonekani vizuri, maana karibu wakati wote umo kivulini. Kinachobaki kwa mtazamaji ni maswali yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Alland alishika kazi ya utayarishaji. Mwaka 1953 alitoa It Came from Outer Space, iliyotokana na kisa cha Ray Bradbury. Humo viumbe wa anga za mbali wanaanguka na chombo chao katika jangwa la Arizona. Hawakuja kuiteka Dunia. Wataka tu kukitengeneza chombo chao waende zao. Anayelitambua hilo ni mpenzi wa elimu ya nyota, aliyechunguza kwanza kabla ya kuhukumu, ilhali wenziwe wameshika silaha. Hivyo yule aliyeshiriki katika mchezo uliowatia watu hofu ndiye aliyetayarisha sinema ya kuwaonya wasitawaliwe na hofu.

Mwaka 1954 ilifuata Creature from the Black Lagoon, ambamo wanasayansi wanaingia katika bonde la Amazon baada ya kupatikana kisukuku cha mkono wa kiumbe asiyejulikana. Kiumbe mwenyewe ni wa kubuni, lakini samaki wenye mapafu wanaozungumzwa humo ni wa kweli. Mwalimu wa Afrika Mashariki hana haja ya kuwatafuta mbali. Kamongo wa Ziwa Viktoria huja juu ya maji kuvuta hewa, na kinamasi kikikauka hujifukia topeni akangoja mvua irudi.

Ama buibui, huyo ni wa Tarantula, sinema ya mwaka 1955. Profesa anatafuta chakula kitakachowatosha watu wanaozidi kuongezeka duniani, na kirutubisho chake kinamkuza buibui kupita kiasi. Na tupige hesabu. Buibui akikuzwa mara 100 kwa urefu, upana na kimo, unene wa miguu yake ukipimwa kwa eneo la mkato huongezeka mara 10,000; lakini uzito wake, unaofuata ujazo, huongezeka mara 1,000,000. Kila sehemu ya mguu italemewa mara 100 kuliko awali. Buibui huyo hawezi kusimama, sembuse kukimbia. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake hatadanganyika tena, na atafahamu pia kwa nini miguu ya tembo ni minene kuliko ya swala, hata kwa kulinganisha na urefu wake.

Yaweza kusemwa kwamba si kila mtazamaji atashika kalamu na karatasi. Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa mwalimu. Anayeicheka sinema bila kuipima hamzidi anayeiamini bila kuipima. Wote wawili wamekubali bila kuuliza, kama wale waliotaharuki mwaka 1938.

Alland alifariki mwaka 1997, na sinema zake zingali zikitazamwa. Haifai wanafunzi waachwe wazitazame kwa siri kisha wazisimulie kwa kunong'ona. Yafaa zaidi ziletwe darasani na kuulizwa maswali mawili: ni kanuni gani ya maumbile iliyovunjwa, na ni jambo gani la kweli lililosemwa? Atakayezoea kuiuliza sinema maswali hayo ataliuliza pia gazeti, redio, na hata kitabu chake cha masomo.