Simu Kutoka Kituoni: Sitara Si Kuficha



Harusi imebaki siku tisa. Mizigo ya bibi harusi imeshavuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati. Usiku simu inalia: bwana harusi amekamatwa Kibiti, kwenye barabara ya Kilwa, akiendesha amelewa. Nyumba nzima inanong'ona: "Tafuteni mtu alimalize, bibi harusi asijue."

Kwetu sisi, hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa.

Kwanza, tulieni. Ulizeni yuko kituo gani, anatuhumiwa nini, na kama kuna aliyeumia. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, basi ulizeni kipimo kimesoma ngapi. Na tusijidanganye: tembo la mnazi ni kilevi, na bodaboda ni chombo cha moto.

Pili, aende mdhamini, mtu mzima mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya kijiji. Dhamana ya polisi hailipiwi. Gari likachukuliwe na mwenye leseni na akili timamu.

Tatu, asitunge hadithi. Ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Asiye na uwezo atafute msaada wa kisheria, upo kwa sheria ya mwaka 2017. Siku ya mahakama afike. Faini ilipwe serikalini, risiti ichukuliwe. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, haramu haifutwi kwa haramu.

Nne, na hili ndilo zito: bibi harusi aambiwe kabla ya nikaha. Sitara ni kutomtangaza mwenzio sokoni. Kumficha binti jambo la mtu atakayelala naye nyumba moja na kupanda naye gari moja ni hadaa. Aulize: ni mara ya kwanza? Ataacha? Toba ina masharti: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Akisamehe, haki yake. Akiahirisha, haki yake pia.

Pilau linaweza kungoja. Mama anayetembea gizani kando ya barabara ile, mtoto mgongoni, hawezi kungoja dereva alevuke.

Allah atustiri na atuongoze. Amin.