None chini ya nauli

Na Mwana Boyoma

Miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua wanaojifunza kuandika programu mjini Kisangani, ile ya maandishi yasiyotakiwa kujitokeza kwenye skrini hudharauliwa mno, kwa kuwa programu haikwami na jibu sahihi huonekana. Hata hivyo, maandishi hayo ni dalili kwamba funksheni fulani, yaani kipande cha programu chenye jina lake, kinachopokea data na kutoa jibu, inafanya kazi isiyo yake.

Ichukuliwe funksheni ya lugha ya Python inayokokotoa nauli ya mzigo unaoteremshwa kwa boti ya mbao kutoka Kisangani hadi Kinshasa, safari ya mto ya takribani kilomita 1,700. Ikiwa funksheni hiyo inazidisha kilo 30 kwa faranga 1,500 na kulichapisha jibu yenyewe kwa amri ya print, kisha programu kuu ikaiita ndani ya print nyingine, skrini itaonyesha 45000 na, chini yake, None. Sababu ni kwamba funksheni isiyorudisha kitu kwa amri ya return huhesabiwa na Python kuwa imerudisha None, thamani inayoashiria kutokuwapo kwa kitu, nayo print ya nje huichapisha kama ilivyoagizwa. Dawa ni funksheni kuirudisha nauli kimya kimya na kumwachia aliyeiita uamuzi wa kuionyesha. Asiyeona tofauti ajaribu kujumlisha nauli za mizigo miwili, atagundua kwamba None haijumlishiki. Kwa hiyo walimu wanaoanza na print na kuiahirisha return kwa majuma kadhaa huwapandikizia wanafunzi mazoea ambayo baadaye ni shida kuyang'oa.

Programu ikishakua, msako huwa mgumu zaidi, kwani mstari wa “nimefika hapa” uliowekwa kwa muda husahaulika katika faili jingine, au maandishi hutoka kwenye maktaba, yaani mkusanyiko wa funksheni zilizoandikwa na wengine. Kulisaka neno print faili baada ya faili hufaa kwa programu ndogo tu. Njia ya hakika zaidi ni kutega: ndani ya builtins, yaani moduli inayohifadhi funksheni za Python yenyewe, print hubadilishwa kwa muda na funksheni inayozusha kosa mara inapoitwa, na hapo Python huanika mlolongo wote wa miito, yaani nani alimwita nani, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Maandishi yakizidi kutoka, huenda yanapelekwa moja kwa moja kwenye sys.stdout, mkondo wa kawaida wa matokeo, na mtego huhamishiwa huko.

Wapo wanaouziba mkondo wote ili wapate utulivu, lakini utulivu huo huficha hata maonyo yenye maana. Waundaji wa mfumo endeshi wa Unix katika Bell Labs, Marekani, walichagua vingine katika miaka ya 1970, baada ya ujumbe wa makosa, uliopita mkondo mmoja na matokeo, kupigwa chapa na mashine ya kupanga herufi badala ya kumfikia mtumiaji: waliyatengea makosa mkondo wake. Katika Python mkondo huo ni sys.stderr, na ujumbe wa uchunguzi ukipitishiwa humo, nauli za boti zaweza kuelekezwa kwenye faili zikiwa safi, huku ujumbe ukibaki kwenye skrini.