Kifaa cha Kuzamia Kimtoshe Mtoto Leo

Kila mzazi anaijua desturi ya kununua sare ya shule iliyo kubwa kidogo. Mikono ya shati hukunjwa, upindo wa suruali hushonwa kwa ndani, na mwenye duka akiuliza hujibiwa: "Bado anakua." Desturi hiyo ni ya busara, na mwenye kipato kidogo hana budi kuifuata. Lakini kiko kitu kimoja katika nyumba za pwani kisichokubali hesabu hiyo, nacho ni kifaa cha kuzamia.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Kionga na Palma hadi Mocímboa da Praia na kisiwa cha Ibo, mtoto hukutana na bahari mapema. Maji ya bamvua yanapokupwa, akina mama huenda mwambani kutafuta pweza na chaza, na watoto huwafuata. Huko huwaona kaka zao wakizama kwa pumzi moja na kuibuka na kamba-koche au majongoo ya bahari. Si ajabu basi mtoto wa miaka saba au minane kudai miwani yake mwenyewe.

Fedha nazo ni chache. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, na shambulio la Palma la Machi 2021, viliwapotezea watu wengi nyumba na vyombo vya kazi. Mzazi anayeanza upya hushawishika kumpa mtoto miwani ya baba, au kumnunulia kubwa ya kumfaa miaka mitano. Huyo ndiye tunayetaka kuzungumza naye leo. Shati kubwa halimdhuru mtoto. Miwani kubwa huingiza maji, na mtoto aliyeingiwa na maji puani hushtuka, huvuta pumzi kabla hajafika juu, na hapo ndipo ajali inapotokea.

Tuanze na hiyo miwani. Ya kuzamia ni lazima ifunike macho na pua pamoja. Miwani midogo ya waogeleaji, inayoacha pua nje, haifai kwenda chini. Kadiri mtu anavyozama ndivyo maji yanavyoigandamiza miwani usoni, na dawa yake ni kupuliza hewa kidogo kwa pua ndani yake. Pua ikiwa nje hewa haiingii, na mishipa midogo ya macho huweza kupasuka. Kadhalika, ile inayofunika uso wote pamoja na mdomo si ya kuzamia, kwa kuwa humzuia mtoto kubana pua ili kuzibua masikio.

Kuipima ni kazi rahisi. Ondoa nywele usoni pa mtoto, weka miwani bila kufunga mkanda, kisha mwambie avute hewa kidogo kwa pua. Ikishika yenyewe bila mkono, inamtosha. Ikianguka, irudishe dukani hata kama bei yake ni nzuri. Usidhani kukaza mkanda kutatengeneza mambo; ukikazwa mno hupinda ukingo wa mpira na maji huingia zaidi. Chagua ukingo wa silikoni laini kuliko wa plastiki ngumu, na kioo cha usalama kisichovunjika vipande vikali.

Bomba la kupumulia nalo lina kipimo chake. Hewa chafu tunayoitoa hubaki kidogo ndani ya bomba, nasi huivuta tena. Kifua cha mtu mzima hakidhuriki, lakini mtoto huvuta hewa kidogo, na katika bomba pana au refu anaweza kuwa anairudia hewa yake ileile hadi kichwa kimuume na nguvu zimwishie. Mpe bomba fupi na jembamba la watoto, lenye kishikio kinachoingia mdomoni bila kumchosha taya. Kulirefusha kwa kipande cha mpira ni hatari kubwa.

Mapezi ya miguuni ndiyo pekee yanayoruhusu uchumi kidogo. Yako yenye mkanda wa kisigino unaolegezwa na kukazwa. Hayo humfaa mtoto kwa muda mrefu kuliko yale yaliyofungika kama kiatu. Hata hivyo mtoto asimame nayo, na vidole visikunjike wala kisigino kisichomoke. Yakiwa marefu mno, misuli ya miguu hukakamaa akiwa mbali na pwani.

Sasa tuje kwenye mtungi wa hewa, maana wako watoto waliowaona wageni wa visiwani wakizama nao. Hapa jibu letu ni kungoja. Mtungi wa kawaida wa alumini huwa na uzito wa karibu kilo 14 ukiwa mtupu, na mtoto wa miaka minane huenda asizidi sana kilo 25. Lakini uzito si hoja kubwa. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyovutwa huko hutanuka maradufu mtu anapopanda. Aliyeshikwa na hofu akabana pumzi huku akipanda anaweza kupasuka mapafu. Chama cha PADI, kinachofundisha uzamiaji duniani kote, hakimpi mtoto cheti cha bahari kabla ya miaka 10, na hata hapo hairuhusiwi kupita mita 12 wala kuzama bila mtu mzima. Siku hiyo ikifika, akodishiwe vifaa vya kimo chake, visinunuliwe.

Na gharama je? Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Njia ya kubana matumizi ni kushirikiana. Majirani watatu wenye watoto wa marika mbalimbali wanaweza kununua kila mmoja kifaa kimoja kinachomtosha mwanawe, na kila mtoto akikua kifaa chake kikashuka kwa mdogo wake au kwa jirani. Ili kidumu, kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe kivulini, kwani jua hupasua mpira. Kila baada ya miezi mitatu kipimwe upya, kama tunavyopima viatu.

Mwisho, kifaa kizuri hakichukui nafasi ya mlinzi. Mtoto asizame peke yake, wala asiende kwenye mlango wa mwamba maji yanapokupwa. Akatazwe kuvuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama, kwani hilo huondoa onyo la mwili, akazimia chini bila dalili. Ndugu mzazi, mtoto anakua kila siku, na hilo ni jambo la kushukuru. Bahari lakini humpokea kwa kimo alicho nacho leo. Mnunulie cha leo.