Mbwa katafuna ndala, mwenye kosa ni nani?

Wadau, leo naomba tuiache siasa kidogo. Najua wapo watakaosema mwandishi kaishiwa habari. Subirini kwanza.

Wiki iliyopita, hapa mtaani kwetu Kitangiri, niliamshwa alfajiri na kilio cha mtoto wa mbwa. Jirani yangu alikuwa anamtandika fimbo. Kosa? Usiku katafuna ndala ya shemeji na waya wa chaja. Nilipouliza nikajibiwa: "Mdogo wangu, samaki mkunje angali mbichi." Jioni mbwa yule akatiwa kwenye kiroba, akaenda kutupwa mwaloni. Umri wake miezi minne tu! Nilimfuata usiku ule na kesho yake. Sikumwona.

Jamani, hebu tuulizane. Mtoto wako akiota meno, si anang'ata kila kitu? Unamchapa? Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Akifika kama miezi mitatu au minne yanaanza kung'oka, na kwenye miezi sita hadi saba anakuwa na 42 ya ukubwani. Fizi zinamsumbua, na ndala yako iko pale mlangoni, laini, inanuka mguu wa bosi wake. Ungekuwa wewe ungeiacha?

Kumchapa asubuhi kwa kosa la usiku ni kazi bure. Haunganishi fimbo na ndala. Anachojifunza ni kwamba mkono wa binadamu unaumiza. Siku mkono huo ukiwa wa mtoto wako, atauma. Hapo ndipo mnaanza kukimbizana hospitalini kutafuta sindano za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Na mbwa mwenyewe hajachanjwa! Hela ya ndala mpya ipo, ya chanjo hakuna. Halafu mnamtupa mwaloni, akazurure bila chanjo kati ya watoto wa wenzenu. Tumeondoa tatizo au tumelihamisha?

Dawa siyo ngumu. Viatu weka juu, waya chomoa. Chukua nguo kuukuu, ifunge fundo, iloweke, igandishe kwenye friji, umpe: ubaridi unatuliza fizi. Ukimkuta na kiatu, mwambie "hapana", mpe cha kwake, msifie akikichukua. Usimpe ndala mbovu achezee, kwani hajui ipi mbovu na ipi ya kuendea kanisani. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Mapanki nayo yana miiba ya kumkwama kooni.

Na ninyi mnaofungia mbwa bandani kutwa nzima ili muandike "Mbwa Mkali" getini, msishangae akila mlango. Mpweke yule. Mtembezeni.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inakataza ukatili kwa wanyama. Ni wangapi mtaani kwetu wanajua ipo?

Kaka yangu jirani, najua utasoma hapa. Samaki mkunje angali mbichi, sawa. Lakini kukunja siyo kuvunja. Ndala ilikuwa yako, kuiacha mlangoni ulikuwa uzembe wako, adhabu akala asiyejua kusema.

Nawakilisha.