Zimwi Lina Mwenyewe

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba sinema za mazimwi ni upuuzi mtupu, usiostahili kujadiliwa na watu wazima, sembuse kuingizwa darasani. Husema kwamba kazi yake ni kuwatisha watoto na kuwachekesha wahuni, basi. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Zimwi halitungwi bure. Kila jamii iliyotunga zimwi ilikuwa na jambo inalolihofu, na kila kisa cha zimwi hutoa hukumu juu ya nani alaumiwe. Hukumu hiyo ndiyo inayotupasa kuipima, maana yaweza kuwa ya haki, na yaweza kuwa ya dhuluma.

Tuchukue mfano mmoja. Mwezi wa Machi mwaka 1910 kampuni ya Thomas Edison ya Marekani ilitoa sinema iitwayo Frankenstein, iliyotungwa na kuongozwa na J. Searle Dawley katika studio ya kampuni hiyo huko Bronx, New York. Ni picha bubu, nyeusi na nyeupe, ya muda wa robo saa hivi. Chanzo chake ni riwaya ya Mary Shelley iliyochapishwa London mwaka 1818. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa imepotea, hata ikafahamika katika miaka ya 1970 kwamba nakala moja ilikuwa mikononi mwa mkusanyaji wa picha za kale huko Wisconsin. Mwaka 2018 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa nakala iliyotengenezwa upya, na leo yeyote atakaye aweza kuitazama.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana msomi anaingia chuoni, anagundua siri ya uhai, na anatamani kuumba mtu mkamilifu. Badala ya mtu, katika pipa la dawa linazuka jitu la kuchukiza, naye analikimbia. Jitu linamfuata nyumbani, linamwonea wivu mchumba wake, na linazuka tena usiku wa harusi. Mwisho linasimama mbele ya kioo kikubwa na kutoweka, lakini taswira yake inabaki kiooni. Muumbaji anaingia, anatazama, na mahali pa sura yake anaiona sura ya jitu. Kisha taswira ile inafifia, anajiona mwenyewe, na mkewe anamkumbatia.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Kwa upande wa fani, kazi hii ina ufundi mkubwa. Ili kuonyesha kuumbwa kwa jitu, mafundi walitengeneza sanamu, wakaichoma moto huku wakiipiga picha, kisha wakauonyesha utepe kinyumenyume. Kwa hiyo mtazamaji huona nyama ikijivika juu ya mifupa, na kile kilichokuwa kikiteketea kikawa kinazaliwa. Charles Ogle, aliyeigiza jitu, hakuwa na sauti wala rangi za kumsaidia. Alikuwa na nywele zilizotimka, vidole virefu na mwendo wa kujikunyata, navyo vilimtosha. Na kile kioo kimesema kwa nukta chache tu kwamba uovu wa jitu ulianzia moyoni mwa aliyeliumba. Vijana wanaoicheka picha hii kwa sababu ni kuukuu wajiulize ni ngapi kati ya sinema ndefu za siku hizi, zilizojaa damu na makelele, zenye fikira moja iliyo nzito kama hiyo.

Lakini fani nzuri haitoshi kusamehe maudhui yenye kasoro, na kasoro ya sinema hii imo katika mwisho wake. Muumbaji amependa, basi jitu limetoweka. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyelia, hakuna aliyeulizwa. Kampuni yenyewe ilitangaza kwamba imeyaondoa yale ambayo yangewachukiza watazamaji. Ni yapi hayo? Katika riwaya, mdogo wake Frankenstein anauawa, mtumishi wa kike asiye na hatia ananyongwa kwa kosa hilo, rafiki anauawa, na mke anauawa usiku wa harusi. Watengenezaji waliziondoa maiti, na pamoja na maiti wakaliondoa deni.

Tena waliuondoa ulimi. Katika riwaya, kiumbe yule anajifunza lugha, anasimama mbele ya muumbaji wake, na anadai haki ya mwana aliyetupwa na mzazi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; na huyu hakulelewa hata siku moja. Tutajibiwa kwamba sinema zote za wakati ule zilikuwa bubu. Ni kweli. Lakini maandishi yalikuwamo katikati ya picha, na msomi ameandikiwa hata barua ya kumpelekea mchumba wake. Jitu halikupewa neno moja la kujitetea.

Ulinganishe mwisho huo na hekaya ya Sultani Majinuni, ambayo mmisionari Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Sultani alimfuga paka. Paka akala mifugo, kisha akala watu, na kila raia walipomshtakia, Sultani alimkingia kifua kwa hoja kwamba paka ni wake na walioliwa ni wake. Hata paka alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo mfalme alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Nunda yule hakutoweka kiooni. Ilibidi mtoto wa nyumba ile ile aingie porini, akosee mara nyingi, achoke, mpaka amwue. Msimulizi wa Unguja hakumpa mwenye zimwi njia ya mkato: aliyelifuga amelipa, na kazi ya kuliondoa imefanywa kwa jasho.

Hii ndiyo hukumu ya haki, na haja yake haijaisha. Waliokufa Hiroshima mwaka 1945 hawakufufuliwa na majuto ya waliolitengeneza bomu. Sumu ikimwagwa mtoni haiondolewi na mapenzi ya mwenye kiwanda kwa mkewe. Mwenye kuumba jambo hawezi kujitazama kiooni, akaridhika na sura yake, akadai kwamba mambo yamekwisha.

Kwa hiyo, ndugu walimu, msiifungie mlango sinema ya namna hii. Ionyesheni, muisifu panapostahili sifa, kisha muwaachie wanafunzi maswali matatu: zimwi hili ni la nani, nani ameumizwa, na nani amelipa? Mwanafunzi azoeaye kuuliza hivyo mbele ya kitambaa cha sinema atauliza vivyo hivyo mbele ya mambo makubwa ya nchi yake, wala hatadanganyika kwa kuonyeshwa kioo kitupu.