Mwaka 2063 vyuo vya Marekani havitakuwa na mwanamume hata mmoja

Leo hakuna habari za simu wala za Linux. Nataka tuongee takwimu, hasa mchezo mmoja ambao sisi waandika programu tunaupenda kwa kuwa kompyuta haikatai: kuchukua asilimia mbili tatu za wanawake walioko vyuoni, kuzipitishia mstari, kisha kumpelekea mkubwa fulani mstari huo aamue nani apewe basari na nani asipewe.

Tuchukue Marekani, maana takwimu zao zinarudi nyuma miaka mingi. Mwaka 1947, kati ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, kulikuwa na wanaume 2.3 kwa kila mwanamke 1. Hiyo ni kama kusema wanawake walikuwa asilimia 30. Ilipofika 1980 hivi wakawa nusu kwa nusu. Haya, fungua lahajedwali, weka nukta hizo mbili, vuta mstari. Unapanda pointi 0.6 kila mwaka. Uendeleze tu: mwaka 2063 wanawake wanafika asilimia 100, na mwaka unaofuata wanapita 100. Lahajedwali litachora hata hapo, halina haya.

Najua kuna msomaji tayari anapiga kelele kwamba dawa yake ni lojistiki. Sawa. Kwa asiyeijua, unaacha asilimia, unachukua uwiano wa wanawake kwa wanaume, unatafuta logi yake, unavuta mstari kwenye logi, halafu unarudi kwenye asilimia. Ukifanya hivyo huwezi kupita 100 hata ukitaka. Kwa mwaka 2063 utapata 89, namba inayoweza kusimama mbele ya watu bila kuchekwa.

Sasa tuzipime zote mbili kwa mwaka ambao jibu lake tunalo, 2003. Mstari mnyoofu unasema 64. Lojistiki nayo inasema 64. Ukweli ni kwamba mwaka huo kulikuwa na wanawake 1.30 kwa kila mwanamume, yaani karibu asilimia 57. Hesabu ya kitoto na hesabu ya kisomi zimekosea kwa kiasi kilekile! Mtu anaweza kukesha wiki nzima akibadilisha fomula asipate kitu, maana tatizo halimo kwenye fomula.

Limo kwenye 1947. Vita vilikuwa vimekwisha 1945, na sheria waliyoiita GI Bill ya 1944 iliwalipia karo askari waliorudi nyumbani. Mwaka 1947 askari hao walikuwa karibu nusu ya wote walioingia vyuoni. Wanawake hawakuwa wamekimbia masomo. Wanaume ndio waliofurika. Wanauchumi Claudia Goldin, Lawrence Katz na Ilyana Kuziemko waliandika makala mwaka 2006 wakarudi nyuma hadi 1900, wakaona kwamba kati ya 1900 na 1930 wanaume na wanawake walikuwa karibu sawa vyuoni, ingawa wengi wa wanawake hao walisomea ualimu. Makala yenyewe wakaipa jina la kurudi nyumbani kwa wanawake. (Goldin ndiye aliyepata Nobel ya uchumi 2023.) Kwa hiyo ukianza grafu yako 1947 unaona mlima, ukianza 1910 unaona bonde. Anayechagua mwaka wa kuanzia amekwisha kuchagua hadithi, na mara nyingi huchagua mwaka ambao faili lake linaanzia, basi.

Kuna jambo la pili linaloniudhi zaidi. Watu wanachanganya fungu na kiwango. Fungu ni wanawake gawanya kwa wanafunzi wote. Kiwango ni wanawake walioko chuoni gawanya kwa wanawake wote wa umri huo, walioko chuoni na walioko shambani. Fungu linaweza kupanda bila msichana hata mmoja kuongezeka, wavulana wakiacha tu kwenda. Nalo linaweza kushuka, kama 1947, bila msichana yeyote kufukuzwa.

Hata kiwango chenyewe kina ujanja wake. Kile cha jumla wanachotumia UNESCO kinahesabu juu wanafunzi wote wa umri wowote, na chini watu wa rika la miaka 5 tu baada ya sekondari. Mnamkumbuka mzee Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, elimu ya msingi ilipokuwa imefanywa bure tangu 2003? Katika kiwango cha aina hiyo cha shule ya msingi, Maruge yuko juu ya mstari wa kugawanya na hayuko chini. Mzee mmoja hasumbui. Lakini vyuoni wako akina mama wengi wanaorudi kusoma jioni na wikendi baada ya kulea. Heko kwao, ila wao wanaweza kuinua kiwango huku msichana wa kidato cha nne amekaa nyumbani.

Tuje kwetu, na namba hizi ni za mfano tu. Kata ina wasichana 100 na wavulana 100. Wanaofika kidato cha nne ni wasichana 40 na wavulana 60. Wanaopata C+, ambayo katika 8-4-4 ndiyo mlango wa digrii, ni wasichana 12 na wavulana 15. Mkubwa wetu anaona wasichana wanafaulu asilimia 30 na wavulana 25. Anasema wasichana wameshapita, punguza basari yao. Namba zake ni sahihi kabisa! Lakini watakaokwenda chuo ni 12 kwa 15, na waliopotea walipotea kidato cha kwanza na cha pili, mahali ambapo jedwali lake halifiki.

Ukiwafikisha wasichana wengine 20 kidato cha nne huwezi kudai watafaulu kama wale 40 wa kwanza. Huenda ni wale waliokosa karo na vitabu tangu zamani. Tuseme wanapita 15 kwa 100 tu. Wanaongezeka 3, na hao 12 wamekuwa 15.

Mimi nikipewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa takwimu za basari, nitaweka safu tatu kwa kila kata: waliozaliwa, waliofika kidato cha nne, waliopata C+, wasichana na wavulana mbalimbali. Fungu la wanawake nitaliweka chini kabisa, kwa herufi ndogo.